Plake ya Joviale

Haya aliniambia Joviale mwenyewe, mutoto wa dada yangu, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, ya sherehe ya komunyo ya binti yake. Yeye alikuwa anacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Mwaka wa 2004, vita iliporudi Bukavu, Joviale alikuwa na ordinatere moja, kompyuta ya kuandikia, kule Muhumba. Watu walikuja kuandikisha barua, na ile mashini ndiyo ilimulisha yeye na mama yake. Chrispin, mutengenezaji wa mashini, alikutana naye kwenye soko ya Nyawera, mvua imewafukuza wote wawili chini ya bashi moja, turubai ya soko. Shati nyeupe ya Chrispin ilikuwa imepigwa pasi vizuri. Alimulalamikia Joviale, kama vile bashi ni yake, eti inavuja upande wa wageni tu. Joviale akacheka, na mapenzi yakaanzia pale. Wakapanga mahari iletwe mwezi wa nane.

Siku moja ventilo, ile feni ya kupoza, ikalegea, ordinatere ikazimika. Chrispin aliifungua, akasema plake imepasuka: kile kipande cha nyuma ambacho ventilo inakazwa juu yake, na bila ventilo mashini inaungua. Ilikuwa imebandikwa na gundi kwenye karte, ile sahani ya umeme ya ndani. Joviale akashika seshwari yake ya kukausha nywele, hewa ya moto ikalainisha gundi, Chrispin akapitisha uzi wa kusukia nywele katikati, anakata kama mutu anayekata sabuni.

"Pole pole, sheri. Ukivuta kwa nguvu, karte yote inavunjika."

"Na wewe nikikuvuta?"

"Mimi nilishabandikwa, sitoki tena."

Plake ikatoka. Chrispin akaitia mufukoni upesi, akasema ingine itatoka Bujumbura, ila barabara imefungwa.

Wakangoja. Watu wa kuandikisha wakapungua, mama akauza vitenge vyake. Kila jioni Chrispin alipiga simu, anabembeleza, analaumu barabara. Mwisho Papa Télesphore, aliyekuwa anangojea karatasi zake, akamuambia Joviale kuna binti kule Nguba, ordinatere yake inatembea, aende kuandikia kule.

Yule binti aliitwa Carmel, mwanafunzi, misuko mipya kichwani. Alimupokea vizuri, akamupa chai. Joviale akasifu mashini. Carmel akafurahi.

"Fiansé wangu, mwenye atanioa, ndiye aliitengeneza. Plake yangu ilivunjika, Chrispin akatoa ingine kwa mukiliya wake mumoja wa Muhumba. Anasema ilikuwa imeganda, yule mama mwenyewe akamushikia seshwari."

"Mukiliya?"

"Ndiyo, mukiliya tu, mutu wa kumulipa kazi."

Joviale alimaliza musitari aliokuwa anaandika. Halafu akaeleza yote, bila kupandisha sauti: bashi, seshwari, mwezi wa nane. Carmel aliinuka, akaenda chumbani. Joviale akafikiri amekwenda kumupigia Chrispin. Alirudi na seshwari na turunevisi, ile bisibisi.

"Onyesha namna ya kushika."

Walitoa ile plake pamoja. Haikuwa na ufa hata mumoja. Joviale akakwangua gundi ya zamani, akafunga plake ndani ya kitambaa. Vise, zile skrubu zake, zingeishika bila gundi. Alimuambia Carmel aje kuandikia kazi yake ya masomo Muhumba, bure.

Akiwa mulangoni, risasi zikalia upande wa juu. Hakuna aliyeweza kupanda kurudi nyumbani. Carmel akatandika matela ya kulala chini. Simu yake ikalia, akaiacha. Halafu ikalia ya Joviale.

"Sheri, habari njema. Plake inakaribia kufika."

"Ninaiona. Iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwa Carmel."

Chrispin akakata simu.

Wakalala mugongo kwa mugongo, nguo mwilini kwa sababu ya risasi. Carmel akauliza, kama kwa dada yake mukubwa: "Yaya, kwako alisema mimi ni nani?"

Joviale alitafuta uongo wa kumufariji, akaukosa. "Hakukutaja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Carmel alilia mupaka usingizi ukamubeba. Joviale akamuvutia blanketi mabegani, akabaki anasikiliza mvua inaanguka juu ya ziwa, na yeye pia akalala.