Mchumba wa Kwenye Fomu

"Haloo, naongea na Kokuberwa Bagenda?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Shigela, napiga kutoka Kiungo, ofisi ya kuunganisha watu na mikopo ya magari, hapa Pasiansi. Samahani kwa usumbufu, dada. Nina maswali mawili tu kuhusu mchumba wako."

Kokuberwa alikuwa amesimama kwenye banda lake la ndizi pale Buswelu, kisu mkononi, mkungu umelala miguuni pake. Akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mchumba wangu yupi?"

"Kwani wako wangapi, dada?" Shigela akacheka. "Okech. Okech wa kirikuu."

Kisu kikamponyoka.

Kwa miaka mitatu, kila meli ya Bukoba ilipotia nanga, Okech ndiye aliyekuwa anambebea mikungu yake kutoka bandarini hadi Buswelu. Aliibeba kwa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo ambako hata hakakuwa kake. Miaka mitatu ya "dada Koku, umeamkaje" na "dada Koku, hesabu mzigo wako." Basi. Zaidi ya hapo mwanaume alikuwa bubu. Na Kokuberwa naye, tuseme ukweli, siku za meli alikuwa anavaa gauni lake zuri na kujipulizia manukato ili akapokee ndizi. Ndizi, jamani!

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Swali la kwanza, Okech unamfahamu?"

"Namfahamu."

"La pili, ni mchumba wako kweli?"

Akisema hapana, Okech ameumbuka. Akisema ndiyo, ni uongo. Uongo mtamu, lakini uongo.

"Ndiyo," akasikia mdomo wake ukisema. "Ni mchumba wangu."

"Safi sana! Basi Ijumaa saa nne asubuhi mje wote wawili. Sisi hatukopeshi, tunaunganisha tu. Mkopeshaji atakuwepo mwenyewe. Unajua, mtu mwenye rekodi chafu kama yake lazima awe na mtu wa karibu wa kumsemea."

"Rekodi chafu?"

Shigela akakohoa.

"Ina maana hajakwambia? Aisee. Muulize mwenyewe, dada. Siku njema!"

Simu ikakatwa. Kokuberwa akakaa juu ya kreti tupu, akamwandikia Okech ujumbe:

"Hongera kwa kupata mchumba. Na mimi ningependa kualikwa."

Haikupita nusu saa bodaboda ikafunga breki mbele ya banda. Okech akashuka, jasho linamtiririka, hata chenji hakusubiri.

"Dada Koku, naomba nieleze."

"Usiniite dada. Mchumba haitwi dada."

"Koku, nisamehe. Mzee Nathaniel anauza kirikuu yake, ile ninayoendesha. Amenipa nafasi ya kwanza mpaka Jumamosi, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Benki zote zimenikataa. Nikaelekezwa kwa hawa Kiungo, wanaojua mkopeshaji gani anaweza kumchukua mtu kama mimi."

"Sijauliza gari. Nauliza jina langu lilifikaje huko."

Okech akavua kofia.

"Fomu ilitaka namba ya mtu wa karibu, na simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji. Shigela akasema nitaje yoyote ninayoikumbuka kichwani. Koku, mimi sikumbuki hata namba ya mama yangu mzazi. Ya kwako ikatoka yenyewe, mpaka tarakimu ya mwisho."

Kokuberwa alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake akauliza:

"Na hilo neno mchumba, nalo lilitoka lenyewe?"

"Aliniuliza, huyu ni nani wako? Nikakosa jibu. Akanitazama usoni, akaandika yeye."

"Na wewe ukasaini?"

"Nikasaini."

"Kwa nini?"

"Nilitamani iwe kweli."

Mama mmoja aliyekuja kununua ndizi akasimama kusikiliza, mfuko umening'inia mkononi. Hakuna aliyemhudumia.

"Na hiyo rekodi chafu?" Kokuberwa aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Kaka yangu Owuor. Alitaka mashine ya mtumbwi, nikakopa kwa jina langu. Haikumaliza miezi miwili ikaibwa ziwani. Nikalipa mimi, ila kwa kuchelewachelewa. Mwaka jana nilimaliza lote. Deni limekwisha, jina limebaki na doa."

"Miaka mitatu, Okech! Miaka mitatu nakusubiri ufungue huo mdomo, halafu nakuja kuambiwa na mtu wa mikopo?"

Okech akashtuka.

"Ulikuwa unasubiri?"

"Hebu ondoka hapa!" Kokuberwa akageuka haraka ili asionekane anavyotabasamu. "Ijumaa nitakuja. Lakini kwenye simu nimeshadanganya mara moja. Mara ya pili sidanganyi."

*

Ofisi ya Kiungo ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Shigela aliwapokea kwa mikono miwili, tai nyekundu shingoni, furaha kama yeye ndiye anayekopa. Nyuma ya meza alikaa mama wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Huyo ndiye Mama Roza, mkopeshaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaeni." Akafungua faili. "Okech, rekodi yako nimeiona. Wenzangu wamekukataa, mimi huwa nasikiliza kwanza. Na huyu ndiye mchumba?"

Okech akainamisha kichwa.

"Mama," Kokuberwa akasema, "mimi si mchumba wake."

Kalamu ya Shigela ikaanguka chini.

"Dada! Si uliniambia kwenye simu..."

"Nilikudanganya, nisamehe. Okech hajawahi kunitamkia neno kwa mdomo wake. Ameanzia kwenye fomu yenu."

Mama Roza akafunga faili taratibu.

"Basi tumemaliza. Mtu anayeanza na uongo simpi gari."

"Mama, naomba dakika moja tu. Kijana wako aliniuliza kama namfahamu Okech, na hapo sikudanganya." Sauti ilikuwa inamtetemeka lakini hakunyamaza. "Mwaka juzi mkungu wangu mmoja ulidondoka njiani. Mimi hata sikujua, nilikuwa sijahesabu mzigo. Yeye ndiye aliyegundua, na kirikuu alikuwa ameshairudisha kwa mwenyewe. Akaufuata kwa miguu, akaniletea begani, mvua inanyesha. Mkungu mmoja, mama! Nikamwambia angeniambia tu, ningemkata kwenye malipo. Akasema, mzigo wako ni mzigo wako. Huyo ndiye ninayemfahamu. Hayo mengine ya kwenye rekodi yaandikeni mnavyotaka."

Chini walisikika vijana wakipiga rimu nyundo.

"Unazungumza vizuri," Mama Roza alisema. "Lakini maneno hayalipi mkopo. Uko tayari kumdhamini? Ukisaini hapa, akishindwa nakuja kwako. Hata kwenye hilo banda lako la ndizi."

"Nipe kalamu."

"Hapana!"

Okech alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Okech, kaa," Kokuberwa akamwambia.

"Sikai. Mama, nakushukuru kwa muda wako, lakini Koku hasaini. Mimi nilisaini kwa ajili ya ndugu yangu, najua inavyokuwa. Unapigiwa simu alfajiri, unapigiwa ukiwa kanisani, ukiona namba ngeni tumbo linauma. Siwezi kumpa huyu hayo maisha."

"Lakini kirikuu inauzwa kesho!" Shigela akapiga kelele.

"Iuzwe."

Akachukua kofia yake, akatoka. Kokuberwa akakimbilia ngazi, kalamu aliyopewa ingali mkononi. Akamkuta chini, kati ya matairi, amesimama kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

"Wewe una akili kweli?"

"Sina."

"Gari ulilolitaka miaka mitatu, unaliacha hivi hivi?"

"Koku, mimi sijataka gari miaka mitatu. Nimekutaka wewe miaka mitatu." Macho yalikuwa mekundu. "Gari nililitaka ili siku nikija kwenu, baba yako asimwone dereva wa kirikuu ya watu. Nilikuwa naogopa. Wewe una biashara yako, mimi jina langu kila nikilitaja kwenye kompyuta ya mtu linaleta kengele."

Kokuberwa alitaka kusema jambo la maana. Badala yake akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, pale pale mbele ya mafundi, kalamu ya watu ingali mkononi.

"Mjinga wewe," akasema. "Mjinga kabisa. Nakupenda."

"Eti?"

"Umesikia! Sirudii."

Fundi mmoja akapiga mluzi. Dirisha la juu likafunguka, tai nyekundu ikaning'inia nje.

"Nyie! Rudini haraka! Mama Roza anawaita!"

Wakapanda ngazi mbili mbili. Mama Roza alikuwa ameishusha miwani machoni, anaandika.

"Miaka kumi na sita nafanya kazi hii," akasema bila kuinua kichwa. "Watu wanawaburuta wadhamini mpaka hapa, wengine hata hawajui wanasaini nini. Leo ndiyo mara ya kwanza naona mkopaji anamzuia mdhamini wake. Dada, ndizi zako zinashuka mara ngapi kwa wiki?"

"Mara tatu, mama."

"Usimdhamini. Niandikie mkataba kwamba atakubebea mzigo mwaka mzima, na malipo yake yajulikane. Hiyo siyo dhamana, hiyo ni kazi. Kadi ya gari inakaa kwangu mpaka amalize. Na riba itakuwa juu kidogo, Okech, hilo doa lako siwezi kujifanya silioni."

"Hata ikiwa juu, mama! Nakubali!"

"Ukichelewa siku moja nakuja kuichukua."

"Hutakuja, mama. Labda uje kupanda."

Shigela akaruka, akamkumbatia Okech, akataka kumkumbatia na Mama Roza, akajizuia.

"Tulieni kwanza," Mama Roza akaivuta fomu. "Hapa pameandikwa mchumba. Faili langu haliwekwi uongo. Pafutwe?"

Okech akamgeukia Kokuberwa. Safari hii hakuangalia chini.

"Koku, nifute au niache?"

"Ukifuta nakuua."

*

Miezi mitano baadaye kirikuu ile ile, sasa imepakwa rangi ya bluu, ilivuka kwa kivuko cha Kamanga ikielekea Muleba. Ndani walikuwa wawili, Okech kwenye usukani na Shigela pembeni, ameshika bahasha kwa mikono miwili njia nzima utadhani yai. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya posa. Okech alipoulizwa na ndugu zake nani atakuwa mshenga, hakufikiria mara mbili.

Sebuleni kwa mzee Bagenda, Shigela aliketi na tai yake nyekundu. Alikuwa amefanya mazoezi tangu Sengerema, lakini mazoea ya kazi yakamshinda.

"Mzee, mimi naunganisha tu. Nina mteja... samahani, nina kijana wetu, Okech, mtu wa Rorya. Ameona ua katika nyumba hii."

Mzee akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa huko Muleba.

"Ana madeni?"

"Analo moja, mzee, la gari, na hajachelewa hata siku moja. Zamani rekodi yake ilikuwa na doa kidogo..."

Jikoni, Kokuberwa akashika kichwa. Shigela naye alishajishtukia, kahawa imemkwama kooni.

"Doa la nini?" mzee akauliza.

"La kumkopea kaka yake, mzee. Lilimgharimu, lakini alilipa lote."

Mzee Bagenda akatafuna taratibu, macho hayamtoki mgeni wake. Kisha akapaza sauti.

"Kokuberwa! Njoo."

Akaja, akapiga magoti.

"Huyu bwana ameleta barua. Kijana wake yuko nje. Unamfahamu?"

Swali lilikuwa lile lile. Mara ya kwanza aliulizwa na simu akaongezea uongo, mara ya pili alilijibu mbele ya faili akitetemeka. Dirishani alimwona Okech ndani ya kirikuu, mikono yote miwili kwenye usukani na gari limezimwa.

"Namfahamu, baba."

"Na hilo doa?"

"Nalifahamu pia. Ndilo lililonifanya nimpende zaidi."

"Barua tuipokee?"

"Ipokeeni."

Mzee akaipokea bahasha, akaiweka kwenye mfuko wa shati bila kuifungua.

"Sasa huyo anaunguzwa na jua kwa nini? Mwite."

"Mila si zinasema mposaji hatii mguu ndani siku ya barua?" Shigela akauliza kwa woga.

"Mila zetu nazijua mimi. Mwite!"

Kokuberwa akatoka barazani huku machozi yanamtoka na meno yako nje. Hakuita. Akatoa simu, akapiga, akamwona Okech kule ndani ya gari akiruka kwa kushtuka.

"Haloo, naongea na Okech? Napiga kutoka kwa mzee Bagenda. Samahani kwa usumbufu, nina maswali mawili tu kuhusu mchumba wako."

"U... uliza."

"La kwanza, kahawa ya kutafuna unaijua?"

"Siijui. Nitajifunza. La pili?"

"La pili, baba anauliza unangoja nini huko nje."