Tak-tak Ilivyotoka Sandukuni

Tak-tak. Tak-tak. Tak-tak.

Kwenye mlima mmoja huko Kadutu, mjini Bukavu, hiyo ndiyo sauti iliyowaamsha watu asubuhi, hata kabla ya kengele ya misa. Ilikuwa sauti ya pompi, pampu ya maji iliyokaa chini bondeni, karibu na chemchemi. Pompi hiyo haikunywa mafuta. Haikungoja umeme pia, na umeme wa Bukavu tunaujua: ukija, usalimie upesi. Maji yenyewe yaliisukuma, nayo ikayapandisha mpaka kwenye tangi mbele ya nyumba ya Colombe.

Watu waliiita Tak-tak. Aliyeitengeneza ni Constantin, fundi wa kuchomelea vyuma, mume wa Colombe. Kila nyumba ilichangia kidogo. Wanawake wakapumzika kupanda mlima na bidoni za maji mgongoni, na watoto wa Colombe wakala.

Lakini Constantin aliogopa kuibiwa akili. Aliifunika pompi kwa sanduku la chuma, akalichomelea pande zote. Hakuacha hata tundu la panya. Juu yake akaandika kwa rangi nyekundu: SIRI YA FUNDI. USIGUSE. Halafu akaenda Shabunda kutengeneza mashini za wachimba dhahabu.

Jumatatu moja, mlima mzima ulichelewa kuamka. Tak-tak ilikuwa imenyamaza.

Kufika Jumatano tangi lilikuwa kavu. Uwanja wa Colombe ulijaa bidoni tupu na maneno.

"Mama Joviale," akamwambia Colombe jirani yake Gérard, fundi wa kushona, ambaye hakuna habari ya mtaa iliyompita, "bwana yako alifunga maji, akaenda na funguo?"

"Funguo gani, Papa Gérard? Hata mulango hauko!"

"Basi ile iko kaburi, si pompi. Tulete maua."

Watu wakacheka. Colombe naye akacheka, lakini moyoni hakucheka. Jumapili hiyo binti yake Joviale alikuwa apokee komunyo ya kwanza. Colombe alikuwa amealika wageni hamsini, na alimjua kila mmoja: sitini wangekuja. Alipenda nyumba ijae mpaka watu wakae dirishani. Sasa angewapikia na nini? Mate?

Mchana huohuo mama mzee Marie-Louise aliteleza njiani, akitoka bondeni na bidoni ya lita ishirini. Walimbeba mpaka nyumbani. Mguu wake ulivimba kama kiazi.

Colombe akapiga simu Shabunda mara tisa. Mara ya kumi Constantin akajibu.

"Papa Joviale, Tak-tak imekufa!"

"Mungoje. Nitarudi mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba? Komunyo iko Jumapili! Na Mama Marie-Louise ameanguka. Acha tukate sanduku."

"Hapana! Mukikata, mafundi wote wa Kadutu wataona. Kesho kila mutu atatengeneza yake. Batoto yetu batakula nini?"

Simu ikakatika. Colombe akabaki ameishika sikioni. Maneno ya mumewe hayakuwa ya kijinga. Siri hiyo ndiyo iliyonunua unga ndani ya nyumba.

Akafungua sanduku la nguo atoe gauni jeupe la Joviale. Chini kabisa, mkono wake ukagusa karatasi ngumu iliyokunjwa. Ilikuwa karatasi ya mfuko wa sementi. Juu yake palikuwa na mchoro wa pompi.

Colombe akaketi kitandani. Akakumbuka Minova, zamani walipokuwa wanandoa wapya, bila hata sufuria. Muzee Stanislas aliwakaribisha, akawapa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na bugali. Kisha akamchorea Constantin pompi hiyo, pole pole, mpaka akaelewa. Hakuomba hata kuku. Alisema tu: "Andika jina yako chini ya yangu. Ukimufundisha mwingine, naye aandike yake. Tujue wa kushukuru."

Kwenye kona ya karatasi palikuwa na majina. Anaclet. Emile. Delphine. Stanislas. Chini ya Stanislas hapakuwa na kitu.

Colombe akaona haya usoni, ingawa hakuna aliyemwona. Siri gani hii, iliyopita mikononi mwa watu wanne kabla ya kuwafikia? Walikula samaki wa watu, wakapokea akili ya watu, halafu wakafunga mlango.

Akachukua karatasi, akaenda kwa Nathalie. Nathalie alikuwa mwalimu wa ufundi, mwanamke wa kuvaa ovaroli na hereni za dhahabu pamoja. Watu walimsema sana, mpaka siku mashini ya Gérard ilipoharibika na yeye akaitengeneza.

Nathalie alipoona mchoro, alicheka kwa furaha. Wakashuka bondeni pamoja, na nusu ya mtaa nyuma yao.

"Munajua mukifunga robine ya maji kwa haraka, bomba inapiga tak?" akauliza.

"Ndiyo!" watu wakajibu.

"Ni maji yalikuwa yanakimbia, yamegonga mulango. Kule kugonga ni nguvu. Ndani ya pompi iko kamulango kadogo. Maji yanashuka mbio, yanakafunga, yanakosa njia. Mengine yanasukumwa juu mpaka kwenye tangi. Kamulango kanafunguka, yanaanza tena. Ni ile tu."

"Ile tu?" Gérard akashangaa. "Na alitufichia kama dhahabu?"

"Akili hii ina zaidi ya miaka mia mbili, Papa Gérard. Iko karatasi inaitwa breve. Inasema wazo hili ni la fulani, asiguse mwingine mpaka alipe au miaka ipite. Ya pompi hii, miaka ilipita zamani. Lakini dawa ngapi, mashini ngapi, bado ziko ndani ya sanduku kama hili? Mimi nikiwa na uwezo, nitazifuta breve zote."

"Na fundi atakula nini?" akauliza Gérard. "Nikionyesha kila mutu namna ya kukata magauni yangu ya kabaa, nitakufa njaa!"

"Hiyo kola ya shati yako, uliivumbua weye?"

Gérard akashika shingo. "Alinifundisha muzee wangu."

"Na unamulipa kwa kila kola?"

Watu wakaangua kicheko. Nathalie akangoja wanyamaze.

"Ukinipa bidoni yako ya maji, unabaki na kiu. Ukinipa akili yako, tunabaki nayo wawili. Jasho ya Constantin tutalipa, kila mara akishika chuma. Lakini akili aliipewa bure. Aitoe bure."

Wote wakamtazama Colombe. Uamuzi ulikuwa wake. Akamkumbuka mumewe, akakumbuka unga. Akakumbuka pia sahani ya sambaza. Akanyoosha mkono.

"Munipe musumeno. Nitaanza mimi mwenyewe."

Walikata kwa zamu mpaka kifuniko kikadondoka. Ndani, kampira ka kamlango kalikuwa kamekwisha kama kisigino cha sandali kuukuu. Nathalie akakata kengine kutoka kwenye tairi la pikipiki, akakaza skrubu mbili.

Tak. Kimya. Tak. Tak-tak. Tak-tak!

Mama Marie-Louise, amelala nyumbani na mguu wake, alipiga kigelegele mpaka bondeni wakasikia.

Jumapili walikuja wageni sabini na wawili. Maji yaliwatosha. Jumatatu Colombe akawaomba wanafunzi wa Nathalie wachore pompi kubwa kwenye ukuta wa tangi, pamoja na majina ya kwenye karatasi. Chini ya Stanislas akaandika yeye mwenyewe: Constantin.

Watu wa milima mingine walikuja kutazama. Wakatengeneza zao. Mmoja wao, Carine, akarudi na wazo jipya: chemba ya baiskeli, ule mpira wa ndani, ijazwe hewa na kuwekwa ndani ya chupa ya hewa ya pompi, ili isichoke upesi. Akaliweka kwenye Tak-tak ya Colombe, bure. Tangi likaanza kujaa kabla ya saa sita mchana.

Mwezi wa saba Constantin akarudi. Alisimama njiani, begi mkononi. Alisikia tak-tak mlimani kwao, na nyingine ng'ambo, na nyingine mbali zaidi. Uso ukamkunjamana. Alikuta ukuta wa tangi umechorwa. Alikuta pia watu watatu wakimngoja uwanjani.

"Fundi, karibu! Tunataka uchomelee pompi ya kwetu. Mchoro tunao, mukono kama wako hatuna. Utalipwa."

Constantin akatua begi. Akaingia ndani. Colombe akamwekea sambaza na bugali, na karatasi ya sementi kando ya sahani.

Alikula. Alisoma majina kwa kidole, mpaka lake.

"Hili uliandika weye?"

"Ni mimi, Papa Joviale."

Akatafuta kalamu mfukoni mwa shati. Chini ya jina lake, pole pole, kama mtoto anayejifunza, akaandika: Colombe.