Nilimtuza Aliyeniimba

Nina miaka thelathini na minane. Niliolewa, nikaachika, na kilichoniachisha ni wimbo. Cheka ukitaka... wenzako walicheka mbele yangu.

Mimi na mume wangu Chengo tulikuwa tukiishi Majengo, nyumba moja na mamake. Chengo ni dereva wa lori, hupakia kwenye magodauni ya Shimanzi. Tulikuwa hatujajaliwa mtoto, na mavyaa wangu hakunipa nafasi ya kusahau hata siku moja.

Kisha nikapata uvimbe tumboni, damu ikakataa kukatika. Madaktari wakasema tuchague, maisha yangu au kizazi. Chengo mwenyewe ndiye aliyetia sahihi nitolewe kizazi. Alinishika mkono akaapa siri hiyo tutazikwa nayo. Watu wote, hata mamake, tuliwaambia nimetolewa kidole tumbo.

Lakini siri ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikamwambia mtu mmoja tu, Dama, rafiki yangu tangu tukiwa kwaya ya watoto. Tulikuwa tukisuuza masufuria ya kanisa. Alilia kunishinda mimi! Nami nikamwamini. Kumbe alikuwa akikusanya maneno.

Kanisa letu ni la kale, kuta zake za mawe ya matumbawe, si mbali na Mji wa Kale. Paa lilikuwa likivuja mpaka juu ya madhabahu. Wazee wa kanisa wakaamua kufanya tamasha la bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, pale uani, kiingilio kiende kwenye paa. Bluzi! Sisi watu wa kwaya na taarabu, bluzi tunaijulia wapi?

Hata hivyo watu walimiminika, Wakristo kwa Waislamu. Mhindi mmoja mwenye duka Ndia Kuu alitutolea turubali la kivuli. Mavyaa alikuwa kwenye karai akikaanga viazi. Na nisiseme uongo, ilikuwa tamu! Gita lilikuwa likilia taratibu kama mtu anayeelezea shida zake. Nilikula, nikapiga makofi, nikacheka jinsi ambavyo sikuwa nimecheka tangu nitoke hospitali.

Ndipo Dama akapanda jukwaani na bluzi ya Kiswahili aliyoitunga mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulimhusu mke anayesimangwa na mavyaa, anayekaguliwa tumbo kila asubuhi kama mbuzi wa mnadani. Vigelegele!

Nanyi mwajua desturi yetu. Wimbo ukikugusa, huinuka ukamtuza mwimbaji, na ukitaka kumrushia mtu maneno, unatuza huku unamtazama. Nikainuka na noti yangu, nikicheza mabega, macho yangu kwa mavyaa. Ua mzima ulicheka. Hata yeye alicheka, akanitishia kwa mwiko.

Noti yangu ilikuwa bado juu ya kipaji cha uso wa Dama alipoingia ubeti wa pili:

*Wadhani kidole tumbo, ndicho nilichotolewa,*
*Kumbe ni kizazi changu, kimebaki besenini.*

Vicheko vilikatika. Nani Majengo hakujua aliyetolewa kidole tumbo? Na nani sasa hakuniona nimesimama pale, nimeukiri wimbo kwa mkono wangu mwenyewe?

Mavyaa aliacha viazi viungue. "Kumbe!" alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Siku zote hizi wanichezea shere, mimi na mwanangu?"

Nilimfuata Dama nyuma ya jukwaa. Unajua aliniambia nini? "Mimi sikukutaja jina. Nani alokwambia uinuke?"

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu ni kweli. Ningekaa kimya, ungekuwa wimbo tu wa mke fulani. Lakini ukweli wa mwizi una thamani gani? Machozi yalikuwa yangu, yeye kayavalia gauni jekundu akashangiliwa!

Mavyaa akaita wazee wa ukoo. Sikuogopa sana, maana nilikuwa na shahidi. Wakamuuliza Chengo kama alijua. Akatazama viatu vyake.

"Hata mimi nimesikia siku ile ile, kama nyinyi."

Chengo! Mkono ule ule uliotia sahihi... Nilimwita jina lake mara moja tu. Nikafunga nguo zangu nikaondoka, na hakuna aliyenisindikiza hata mlangoni. Chengo ameoa tena; sasa mavyaa ana mkaza mwana mwingine.

Paa lilitengenezwa. Niliingia kanisani Jumapili moja ya mvua kubwa, na halikudondoka tone. Watu wakashukuru kwa tamasha lililofana, nami sikuitikia amina. Mchungaji aniambia nisamehe. Asamehe yeye. Dama bado anauimba wimbo ule, na watu bado wanamtuza.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mtu anayeishi kwa kushangiliwa usimpe kidonda chako akushikie. Mume akikuapia mko wawili tu chumbani, usidhani ataapa hivyo hivyo mbele ya mamake. Na siku ukiwa kwenye raha za watu, wimbo ukakuingia mpaka moyoni, kaa kitako dada yangu. Shikilia kiti. Usiinuke!