Mpira wa Juu Ulikuwa Baridi

Uliliona lori lile, ukageuza uso. Usiseme hukuliona. Lilikuwa likifuka mvuke kama sufuria ya mihogo, na nyuma amelala Ermelinda, mguu umefungwa kanga iliyolowa damu. Mwaka ule wa sabini na moja, bomu la kutegwa ardhini lilimpata ng'ambo ya Ruvuma, kwenye vita vya Msumbiji. Kaka yake, Sebastiao, akamvusha mto kwa mtumbwi mpaka Kitaya, upande wa Tanzania.

Isihaka, dereva wa lori hilo la serikali, aliahidi kuwafikisha hospitali ya Mtwara kabla ya adhuhuri. Porini, mbali na kisima, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Akamimina maji ya debe kwenye rejeta. Maili mbili, likachemka tena. Akamimina tena. Debe likaisha.

"Ndugu dereva," Sebastiao akasema, "gari linakunywa, dada yangu hanywi."

Isihaka alikuwa chini ya lori akitafuta panapovuja. Ndivyo walivyozoea karakanani: likichemka, limwagie maji, kisha tafuta panapovuja. Hapakuvuja popote. Jua likasogea. Vidole vya mguu wa Ermelinda vikawa vyeusi.

Ndipo Isihaka akaushika mpira wa juu, unaotoka injini kwenda rejeta. Injini inaunguza, mpira baridi. Akakaa mchangani.

"Themostati," akasema. "Kilango kidogo. Maji yakipata moto kinafunguka, yaende rejeta yakapoe. Hiki kimekufa kimefunga."

"Ulijua?" Sebastiao akauliza.

"Nilijua kimechoka. Wiki ya tatu hii naomba kipya. Kipo stoo, nimekiona. Mtunza stoo anasubiri saini ya mkubwa, na mkubwa yuko semina."

Sebastiao akatema mate pembeni.

Isihaka akafungua kwa spana, akikinga kila tone kwa sufuria. Akakitoa kile kilango, akaacha njia wazi. Gasketi, ya kuzuia maji yasivuje kwenye kiungo, aliikata kwenye jalada la daftari la maombi ya vipuri, akaipaka sabuni. Maji hayakutosha. Ermelinda akanyoosha chupa yake ya maji, ya mwisho, aliyokuwa ameitunza.

"Mpe huyo mlevi wako. Mimi kiu nimeshaizoea."

Walifika alasiri. Nesi akafungua kanga, akasema, "Mngefika asubuhi." Mguu ukakatwa juu ya goti.

Kesho yake Isihaka, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alivunja kufuli ya stoo. Akachukua themostati mpya, akaifunga kwenye lori mchana kweupe. Ile mbovu akaiweka mezani kwa mkubwa, juu ya kanga ya Ermelinda.

Nawe stoo yako unaijua, na mwenye ufunguo unamjua. Weka chini karatasi hii. Nenda leo, kabla hajafunga.