Sululu Mwenye Pete

Kila siku baada ya masomo Mwatumu alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuanika uduvi wa mama yake na kuhesabu ndege. Kazi mbili za kwanza alipewa na mama. Ya tatu alipewa na Mwalimu Tamimu, na hiyo ndiyo aliyoifanya bila kusukumwa.

Ilikuwa miaka ya utawala wa Waingereza. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikaa mbali, Utete, na kisiwa cha Mtundani, kule mto Rufiji unakomwagika baharini, kilikuwa na shule moja yenye chumba kimoja. Mwalimu Tamimu, kijana kutoka Kibiti, aliwaambia wanafunzi wa darasa la nne kwamba kila mwaka, upepo wa kusi ukilegea na mvua za vuli zikikaribia, ndege wageni hushuka kwenye fungu la mchanga mbele ya kisiwa.

"Huko kwao baridi imeanza, kwa hiyo wanakuja kwetu kula kaa," alisema. "Atakayemwona ndege tusiyemzoea, aandike. Lakini aandike alichokiona, si anachotaka kukiona."

Hakuna aliyemshinda Mwatumu kwa kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu alipokuwa na saba alikuwa akienda kuamia, yaani kulinda mpunga usiliwe na ndege. Alikaa juu ya dungu kutwa nzima na teo mkononi, ile kamba ya kurushia mawe. Kwa kuwa kwenye tope la Mtundani hakuna mawe, watoto walifinyanga madonge ya udongo na kuyachoma motoni yawe magumu. Donge la Mwatumu lilikwenda pale jicho lake lilipokwenda. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia kusoma, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Ijumaa moja aliwaona sululu wawili ambao alikuwa hajapata kuwaona. Sululu wa kawaida kila mtu anamjua: ana mdomo mrefu uliopinda chini, na kichwani ana michirizi. Hawa walikuwa wakubwa kama kuku, vichwa havikuwa na michirizi, na midomo yao ilikuwa mirefu mno hata mtu akashangaa wanawezaje kuibeba. Tena mmoja wao alikuwa na kitu kinachong'aa mguuni.

Alikimbia hadi shuleni kumwambia mwalimu. Mwalimu Tamimu alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, kwani alikuwa anakwenda Kibiti kumuuguza mama yake kwa wiki nzima.

"Andika ulivyomwona," alisema kwa furaha. "Nikirudi Ijumaa ijayo tutakwenda kumtazama pamoja. Usimsumbue."

Zamda, binamu yake Mwatumu, alikuwa akisikiliza. Mwalimu alipoondoka, alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndege kavaa bangili! Weye Mwatumu, kesho utatuambia kavaa na kanga."

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Basi mlete nimwone na miye."

Jumamosi asubuhi, maji yalipokupwa, Mwatumu alikwenda kwenye fungu peke yake. Sululu wawili walikuwa palepale, wakichoma midomo yao topeni. Kitu kile kiling'aa. Mwatumu alijiambia kwamba hataki kumwumiza. Atamgusa bawa tu, ashindwe kuruka kidogo, amkamate, amwonyeshe Zamda, kisha amwachie. Alitia donge kwenye teo, akazungusha, akaachia.

Mkono uliozoea kuamia haujui kugusa kidogo. Sululu alianguka ubavu, akapiga bawa moja kwenye maji. Kabla Mwatumu hajamfikia alikuwa amekwisha kufa. Mwenzake aliruka, akazunguka juu ya fungu akilia: kuu-lii, kuu-lii.

Mwatumu alimwinua. Alikuwa mwepesi ajabu. Hakuwahiwa kuchinjwa, kwa hiyo alikuwa nyamafu na hata mboga hawezi kuwa. Mguuni alikuwa na pete ya madini, imebana, na juu yake vimechorwa vialama vidogovidogo. Mwatumu aliona maandishi tu, wala hakuyasoma. Alijua kitu gani hufungwa mwilini kikiwa na maandishi: hirizi. Na hirizi ya mwingine haiguswi.

Hapo akasikia sauti za wanawake wakija kutanda uduvi kwa vitambaa, na sauti ya mama yake ikiwa mojawapo. Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Bi Mwanamize. Nyuma yake palikuwa na jaa. Mwatumu akamsukuma ndege chini ya makuti yaliyooza, akanawa mikono mara tatu, akaenda kuwapokea wale wanawake kwa uso mkavu.

Bi Mwanamize alikuwa mjane, msusi wa mikeka. Alitoka vilima vya Umatumbi kwa ajili ya ndoa, na miaka kumi na tano baadaye watu wa Mtundani walikuwa bado wanamwita mgeni. Mikeka yake waliilalia, watoto wao walipougua aliwauguza, lakini mgeni.

Jumapili kunguru walifukua jaa. Mtoto mmoja akaona ndege mkubwa, akaona na pete mguuni, akapiga kelele. Ikawa siku hiyohiyo habari imefika kutoka kambi ya wakata mikoko kwamba Khamis, kijana wa kisiwa hicho, ameangukiwa na mti, mguu umevunjika. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo.

"Ndege kafungwa hirizi mguuni, na Khamis kavunjika mguu," walinong'ona. "Na ndege katoka kwa nani?"

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Jumbe Sadala, mkuu wa kisiwa, aliamuru afunikwe na tenga palepale, na juu ya tenga liwekwe gogo. Kisha alitoa shauri lake: Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Bi Mwanamize atatiwa mtumbwini avushwe bara, arudi kwao.

"Kwetu wapi?" Bi Mwanamize aliuliza. "Walionijua huko wamekufa wote."

Tangu hapo Mwatumu hakupata raha. Sululu aliyebaki hakuhama. Kila maji yakikupwa alisimama peke yake kwenye fungu na kulia, na kilio kile kilimfuata Mwatumu kisimani, kilimfuata jikoni, kikaingia hata katika mlio wa mchi mama akitwanga. Mara nyingine alisimama ghafla na kuuliza, "Mmesikia?" Wenzake walisikiliza na kusema hawakusikia kitu. Uduvi ulinuka kama tenga lile. Akitazama mikono yake aliona ule wepesi wa ndege ungali viganjani.

"Mwanangu, una nini?" aliuliza mama yake, Fatu. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

Kila asubuhi aliamka akiwa ameazimia kusema. Lakini alifikiri: nikisema, watasema miye ndiye niliyeileta hirizi kisiwani. Watanitia miye mtumbwini. Akanyamaza Jumatatu, akanyamaza Jumanne. Jumatano alipita mbele ya nyumba ya Bi Mwanamize akamwona mlangoni akikunja mikeka yake mmoja mmoja.

"Hujambo, mjukuu wangu," alisema yule mama.

"Sijambo, bibi. Shikamoo." Mwatumu alikimbia bila kungoja marahaba.

Ijumaa ikafika. Watu walitoka msikitini, wanawake wakatoka majumbani, wakakusanyika karibu na lile jaa. Bi Mwanamize alisimama mbele yao na mzigo mmoja uliofungwa kwa kamba ya ukindu. Hakulia. Alitazama nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine, akingoja mtu aseme neno. Macho yake yalipomfikia Mwatumu yakatulia kidogo, kisha yakaendelea. Mwatumu alipiga hatua mbele.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Ni miye! Nilimpiga kwa teo Jumamosi, nikamficha hapa jaani. Bi Mwanamize hajui lolote!"

Mama yake alishika kinywa. Jumbe Sadala alimkazia macho.

"Mtoto umeua ndege, sawa," alisema taratibu. "Lakini weye hukumfunga hirizi. Aliyemfunga ni nani? Bado hatujapata jibu."

Watu walinung'unika kukubali. Mwatumu aliona kwamba ukweli wake umechelewa, na Bi Mwanamize anainama kuuchukua mzigo wake. Wakati huohuo sauti ikatoka nyuma ya watu. Mwalimu Tamimu alikuwa ndiyo kwanza ameshuka mtumbwini, na viatu vyake alikuwa bado amevishika mkononi.

"Kuna aliyeisoma hiyo hirizi?" aliuliza.

"Nani aiguse, mwalimu?"

"Mwatumu," mwalimu alisema, "umefika darasa la nne. Ulichoniambia Ijumaa iliyopita kilikuwa kweli. Nenda ukamalize: isome."

Mwatumu alisogea. Alisukuma gogo, akainua tenga. Harufu iliwarudisha watu nyuma. Wadudu walikwisha kula karibu nyama yote, yakabaki manyoya, ule mdomo mrefu, na mguu mkavu wenye pete. Aliushika mguu, akaipangusa pete kwa ncha ya kanga yake, akaisogeza karibu na macho.

"Kuna namba," alisema. Akazisoma zote. "Kisha kuna herufi. M. O. S. K. W. A. Mos-kwa."

"Moskwa," alirudia mwalimu. "Ni mji mkuu wa Warusi. Chuoni tulifundishwa kwamba wataalamu wa huko humkamata ndege, humvika pete yenye namba, humwachia. Akionekana mahali pengine, hujua amefika wapi. Ndege huyu ameruka miezi na miezi juu ya nchi tusizozijua hata majina, akafika Mtundani. Hamna kisomo cha uganga humo, Jumbe. Ni namba na jina la mji."

"Na mguu wa Khamis?" mtu aliuliza.

Mama yake Khamis alikohoa. "Khamis mwenyewe kaniletea salamu. Ati alikuwa akicheka na wenziwe, hakuangalia mti unaangukia wapi."

"Lo! Mbona hukusema?" Jumbe alishangaa.

"Hamkuniuliza," alijibu, akainamisha kichwa.

Jumbe Sadala alivua kofia, akaishika muda mrefu kabla ya kuivaa tena. Akamwomba Bi Mwanamize radhi mbele ya watu. Bi Mwanamize alisikia, akaitikia kwa kichwa, akaubeba mzigo wake akaingia nao ndani, akafunga mlango.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Tamimu alimwita Mwatumu shuleni. Alikuwa akiandika barua kwa wenye pete, ipelekwe posta ya Utete. Aliandika tarehe, mahali na namba. Kisha akasukuma karatasi mbele ya Mwatumu.

"Watataka kujua amekufaje. Andika weye."

Mwatumu alishika kalamu. Alifikiria kuandika "amekutwa amekufa," na maneno hayo yasingekuwa uongo hasa. Mwishowe aliandika kwa herufi kubwa: Nilimpiga mimi kwa teo. Mwalimu alisoma, akaikunja barua bila kubadilisha hata nukta.

Kutoka hapo alikwenda kwa Bi Mwanamize. Mlango ulikuwa wazi. Mzigo ulikuwa katikati ya chumba, umefungwa vilevile, na kitanda kilikuwa hakina hata mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mbona hujaufungua? Jumbe kasema usiende."

"Jumbe kasema. Miye sijasema." Bi Mwanamize aliketi juu ya kinu kilicholazwa. "Miaka kumi na tano, na jana niliwatazama wote. Hapana aliyefungua kinywa ila mtoto mmoja. Sasa nauliza nafsi yangu, kama nitakaa, nitakaa na nani?"

Machozi yalimtoka Mwatumu. Alipiga magoti. "Nisamehe, bibi. Sikukusudia kumwua. Donge lilinitoka tu."

"Donge nimekusamehe tangu jana," alisema Bi Mwanamize. "Mkono huteleza, na mtoto yeyote angeweza kurusha. Nikwambie kilichoniuma. Donge ulilirusha mara moja. Lakini kunyamaza, mwanangu, ulikuchagua kila asubuhi. Uliamka, ukanawa uso, ukaniona nakunja mikeka yangu, ukanyamaza tena. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kosa lilikuwa dogo, weye ukalilisha mpaka likakua, likataka kunila miye. Ukikosa, sema siku ileile, kosa likingali dogo kiasi cha weye kulibeba mwenyewe."

"Nitasema, bibi. Wallahi nitasema."

"Usiape. Sema tu."

Nje maji yalikuwa yakikupwa. Mwatumu alibaki amepiga magoti. Mwishowe Bi Mwanamize alipumua, akausukuma mzigo kwa mguu mpaka ukamgusa Mwatumu magoti.

"Haya," alisema. "Fundo nililikaza kwa hasira, vidole vyangu haviliwezi. Lifungue."