Tundu la Nane

Kifuniko cha tundu la nane kilianguka kabla fundi hajamaliza kukaza waya. Kilianguka tak, kama vinavyoanguka vyote mtu akizungusha mkono wa simu huko kwake, na Tryphosa, opereta wa kituo, akanyoosha kidole kukirudisha juu bila kufikiri. Ndipo akakumbuka kwamba Thadeus, fundi wa simu kutoka mjini Kisii, alikuwa bado nyuma ya ubao na waya zenyewe mkononi. Akamuuliza kagusa nini. Thadeus akasema hajagusa kitu, na kwamba wanawake wa simu huona mengi kwa sababu wanakaa sana. Tryphosa akamcheka, mambo yakaishia hapo.

Nyinyi mnaobonyeza tu na kuongea hamjui simu ilivyokuwa mwaka wa sabini na tatu, kwa hiyo nawaeleza mara moja, msinikatize. Kituo kilikuwa chumba kimoja cha mawe njiani baina ya Ikonge na Nyaramba. Ndani mlikuwa na swichibodi, yaani ubao wenye matundu ishirini, na kila tundu lina mwenyewe: la kwanza la chifu, la pili la zahanati, la nne la kituo cha kupimia majani chai. Aliyetaka kuongea alizungusha mkono wa simu yake, kifuniko cha tundu lake kikaanguka, opereta akachomeka kamba hapo na kumuuliza namba, kisha ncha ya pili ya kamba ile akaichomeka kwenye tundu la anayetafutwa.

Na tundu halikupangwa ovyo. Fundi aliunga waya mbili kwa nyuma, akachagua kama laini itapiga na kupokea au itapokea tu, akajaza kadi. Mwisho kabisa opereta alimwita mwenye laini kwa jina lake kamili, mara tatu, naye ajibu "Nipo." Bila jibu hilo tundu lilibaki bure. Kulifunga nako kulikuwa vivyo hivyo, lazima mwenyewe atamke kwa kinywa chake. Ndivyo sheria ya kituo kile ilivyokuwa, na Tryphosa alikuwa mtu wa sheria, Msabato wa kushika saa na neno.

Tundu la nane lilipangiwa Mzee Ombati Ongeri, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyeomba simu miaka sita nyuma. Zamu yake ilipofika mzee hakuwepo. Mwanawe mkubwa, Ratemo, ndiye aliyeleta karatasi, akasema baba yuko Musoma kwa biashara na yeye atajibu kwa niaba yake. Sasa, sokoni watu walinong'ona. Walisema mzee hajaonekana tangu mwaka juzi, kwamba homa ilimpata kule ziwani na akazikwa na watu baki. Lakini Ratemo angesema baba amekufa, ombi la simu lingerudi mwisho wa foleni, na ndugu zake wangeanza kudai kila mmoja shamba lake. Basi nyumbani kwake wakamwacha mzee akiwa hai kwenye karatasi. Tryphosa aliyasikia hayo yote, akapiga muhuri. Alijiambia simu ni simu, na kijana ana adabu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa walikuwa wamekificha kifo chenyewe.

Waya zilipokaa sawa, Tryphosa akavaa hedifoni, akachomeka kamba, akaita.

"Mzee Ombati Ongeri, upo?"

Akaita mara ya pili, na chumba kikaanza kunuka samaki wakavu na udongo uliochimbuliwa sasa hivi, ingawa mlango ulikuwa wazi na nje kulikuwa na jua la saa nne. Akaita mara ya tatu.

"Nipo," ikasema sauti ya mzee, sauti yenye maji kooni.

Tryphosa akajaza kadi, akidhani Ratemo huko kwao ni hodari wa kuiga sauti ya baba yake. Mchana wa siku ile ile ikasikika kwamba Ratemo ameing'oa simu ukutani na kuitupa migombani, na waya ameukata kwenye nguzo. Aliwaambia watu kwamba yeye hakuwa amefungua mdomo.

Tangu hapo kifuniko cha nane kilianguka kila siku. Laini haikuwa na simu upande wa pili, haikuwa hata na waya wa kufika bomani kwa mzee, na bado tak, asubuhi watu wakienda kuchuma chai, tak, mchana mvua ikipiga mabati. Tryphosa alikuwa akichomeka kamba kwa mazoea ya kazi, na sauti inaomba jambo moja tu, kwa upole, kama mzee anayeomba maji: aunganishwe na nyumbani. Alimweleza kwa heshima. Nyumbani kwako ndiko namba nane, baba, na wewe ndiye namba nane. Laini haiwezi kujipigia yenyewe. Mzee akahema, akaomba tena yale yale.

Thadeus akarudi na mkoba wake. Alichomoa waya mbili za nyuma, kifuniko kikaanguka. Akaipanga laini iwe ya kupokea tu, kikaanguka. Akahamisha kila kitu hadi tundu la kumi na tano na kuliziba la nane kwa kizibo cha mbao, na wakakaa wakitazama mpaka kizibo kikaanza kutoka chenyewe polepole, kikadondoka mezani, kimelowa. Thadeus hakutania tena siku hiyo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anajua waya tu, na kwamba kisheria dawa ni moja, mwenye laini aombe kufungiwa. Tryphosa akavaa hedifoni, akauliza kama mzee angependa laini ifungwe.

"Mkinifunga nitakwenda wapi?" sauti ikamuuliza. "Hapa ndipo nilipoitwa."

Opereta mwenzake aliyekuwa akimpokea zamu ya mchana alisikia sauti ile mara moja, akaacha leso yake kitini na hakurudi. Sasa Tryphosa akawa peke yake, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kuacha ubao hakuweza. Tundu la pili lilikuwa la zahanati, na wiki ile ile alikuwa ameunganisha mkunga na hospitali ya mjini kwa ajili ya mama aliyekuwa akimwaga damu. Je, siku yeye akikimbia na kifuniko cha pili kikaanguka, nani atakirudisha? Alikaa. Kuta zile nne zikawa ndogo. Harufu ikaingia kwenye sweta yake, kwenye nywele, kwenye chakula alichobeba. Siku ya nne alijaribu kuvua hedifoni ili aende msalani na mikono yake ikakataa kupanda, ikabaki mapajani mizito kama imemwagiwa zege, na sauti ikamwambia asiondoke, maana giza la humo ndani lina baridi na hakuna mtu mwingine, na alikaa hivyo, na mkojo ukamtoka kitini, mtu mzima na mke wa mwalimu, akilia bila sauti mpaka mvua ilipokatika na mikono ikamrudia.

Hofu yake kubwa haikuwa hata juu ya nafsi yake. Alikuwa na binti mmoja, Drusilla, wa miaka mitano, aliyempata baada ya kuharibikiwa na mimba tatu. Kila jioni alinawa mikono na uso kwenye kijito kabla ya kufika nyumbani, asimpelekee mtoto harufu ile.

Mchungaji alikuja akaombea ubao, na alipokuwa akisema amina kifuniko kikaanguka. Ndipo Tryphosa akaenda kwa shangazi yake Bitutu, ambaye kanisani hawakumpenda na usiku walimgongea mlango kuomba dawa. Bitutu alisikiliza hadi mwisho akitwanga wimbi. Akasema huyo si pepo wa kufukuzwa, ni mtu asiye na kaburi kwake. Mmemwita kwa jina mara tatu naye akaitika, na mkamfungulia tundu lisilo na nyumba upande wa pili. Apokewe na watu wake. Mkewe akimwita na kumwambia karibu nyumbani, na ukoo ukazika shina la mgomba kwa jina lake pale bomani, atalala. Kisha akaacha kutwanga.

"Lakini sikia, mwanangu. Hana macho ya kuchagua. Yule atakayemkiri kwanza, ndiye atakayekwenda naye. Wewe fanya kazi yako ya kamba tu. Usimkiri."

"Na akiniuliza?"

"Funga mdomo."

Bitutu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumshika mkono Eucabeth, mke wa mzee, na kumleta hadi kituo cha majani chai kwenye simu ya tundu la nne. Eucabeth alikubali kwa machozi. Tatizo ni kwamba wanawe walimfuata, Ratemo akiwa mbele, na pale pa kupimia chai palikuwa na foleni ya watu na makapu yao, kila mmoja ametega sikio.

Ilikuwa saa tisa, mvua imefunika vilima vyote. Kifuniko cha nane kikaanguka. Tryphosa akachomeka ncha moja ya kamba kwa mzee, ya pili kwenye tundu la nne, akazungusha kengele, na kule kituo cha chai Eucabeth akainua simu.

"Mama wa Ratemo," sauti ikasema. Tryphosa hakuwahi kuisikia ikitetemeka vile. "Ni mimi. Nimechoka. Niite nirudi."

Mama yule akaanza kulia. Nyuma yake Tryphosa akamsikia Ratemo akinong'ona, haraka haraka, kwamba watu wanasikiliza, kwamba akimwita tu basi wamekwisha wote, shamba, simu, kila kitu, na watashtakiwa kwa karatasi ya uongo. Mvua ikasikika pande zote mbili za laini. Halafu Eucabeth akasema kwa sauti ya juu, ya kusikiwa na foleni:

"Mume wangu yuko Musoma, mzima. Huyu simjui."

Akaweka simu chini.

Tryphosa alibaki na mzee masikioni, na mzee hakulia wala hakukasirika, alihema tu, pumzi baada ya pumzi, kila moja ikiwa ndogo kuliko ya kabla yake, na chumba kikawa baridi hata kioo cha dirisha kikaota ukungu kwa ndani, na Tryphosa akataka kuchomoa kamba na mkono haukupanda, akataka kuimba wimbo wa kanisani na akasahau maneno, na moyoni mwake, juu ya hofu yote ile, ukamjia uchungu ambao hakuutaka, uchungu wa mzee aliyekanwa mbele ya watu na mke aliyemzalia watoto sita.

"Umesikia, mama?" akaulizwa.

Alifumba macho.

"Wote wamesema hawanijui. Na wewe uliyeniita? Nawe hunijui?"

Alikumbuka maneno ya Bitutu, neno kwa neno. Aliuma midomo hadi ikatoka damu. Lakini alikuwa mwanamke aliyefundishwa tangu utoto kwamba mzee haachwi akauliza mara mbili, na huruma ilishamjaa kifuani hadi shingoni.

"Nakujua, baba," alinong'ona. "Wewe ni Mzee Ombati."

Kifuniko cha nane kikapanda chenyewe, kikakaa mahali pake. Harufu ikakatika palepale. Mikono yake ikawa myepesi.

Thadeus akaja kesho yake akapima tundu lile kwa kila chombo alichokuwa nacho, akalikuta limekufa kama tundu la ukutani. Akacheka, akapiga ubao kwa kiganja, akampongeza. Tryphosa naye akacheka. Siku nzima hakukuwa na tak isiyokuwa ya mtu mwenye mwili. Alifunga kituo saa kumi na moja, akapita kijitoni bila kunawa kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, akapandisha njia ya nyumbani baina ya chai akitazama moshi wa jiko lake mwenyewe. Alikuwa na furaha, na sitawaficha hilo. Aliona tu kwamba miguu inamuuma magotini, kama ya mtu mzee, na kwamba anashika kiuno akipanda.

Drusilla alikuwa mlangoni akimenya ndizi mbichi pamoja na baba yake. Tryphosa alitaka kumwita kwa jina la kumdekeza. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa na maji kooni.

"Nimefika," kikasema.

Mumewe mwalimu alishtuka, kisu kikamponyoka. Tryphosa aliwaona wote wawili vizuri kabisa, kwa mbali kidogo, kama mtu anayechungulia kupitia tundu. Alipiga kelele wakimbie, wafunge mlango, wasiseme neno lolote. Hakuna kilichotoka. Miguu yake ilikuwa ikisogea kizingitini yenyewe, polepole, ikisubiri kukaribishwa.

Drusilla alimtazama usoni kwa muda mrefu. Hakuogopa. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, mama yake ndiye aliyemfundisha. Aliweka ndizi chini, akapangusa mikono kwenye gauni, akainamisha kichwa kama inavyompasa mtoto mbele ya mzee mgeni.

"Karibu ndani, babu," akasema, akaufungua mlango wote.