Mtu wa Kujaribia Milango

Jumapili ile walikuwapo wanne nyumbani: mama, mumewe ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kazi yake ya kutengeneza kompyuta, binti yao wa pekee, Kipepeo, aliyepewa jina hilo kwa kutotulia, na bibi yake, mama mzazi wa Fundi. Mvua ilikuwa imewafungia ndani tangu asubuhi.

Fundi alikuwa na mchezo wa kumwonyesha binti. Alikuwa amechukua programu ya kutengenezea michezo, ile ambayo wenzake huiita injini, akaiongezea vipande vyake mwenyewe ili itoe michezo ya kizamani, yenye picha za vidoti vikubwa na sauti za tii, tii. Haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya familia tu, na humo mlikuwa na nyumba yao: sebule, jiko, korido, na wao wanne, warefu kama kidole gumba.

"Huyu ndiye mimi?" bibi aliuliza akisogeza miwani. "Mbona umenichora kama gunia la mkaa?"

"Mama, vidoti havijui kupunguza mwili."

"Na wewe mbona umejipunguza?"

Wakacheka. Fundi alikuwa amempisha bibi kiti chake, mwenyewe amekalia ndoo iliyopinduliwa. Mama aliliona hilo, moyo wake ukapata joto.

"Baba," binti alisema, "nje kuna mtu."

Kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya mlango wa ile nyumba ya vidoti, alisimama mtu wa kijivu asiye na uso.

"Aa, huyo ni wa kujaribia milango. Nilipoongeza kipande cha kufungua milango nilihitaji mtu wa kupita. Nimesahau kumfuta."

"Ni wa nani?"

"Si wa mtu. Ni mwili mtupu tu."

"Maskini, analowa." Binti akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. "Karibu ndani. Jisikie uko kwako."

Ndivyo mama alivyomfundisha kumwambia kila mgeni.

Mtu wa kijivu akaingia. Fundi akaacha kucheka. "Sikumwandikia kutembea peke yake," alisema kwa sauti ndogo.

Akachomoa waya. Kioo kikawa cheusi, lakini kutoka chumbani kwa binti, ambako hakukuwa na kompyuta wala simu, ikasikika tii, tii. Harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa korido.

Tangu siku hiyo binti akapoa, hakurukaruka tena. Mchana kweupe mama alikuwa akisimama nje ya mlango wake, nguo mbichi mikononi, akisikiliza nyayo zikienda mbele, zikisita, zikigeuka kwa kona kali na kwenda tena, kama za mtu anayejua pande nne tu za dunia, na katikati ya nyayo hizo sauti ya mwanawe ikinong'ona kwa upole uleule aliofundishwa, na sauti nyingine isiyovuta pumzi ikimjibu.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni. Ana baridi, mama. Anataka pa kukaa."

Walimwita mganga, mwanamke mnene aliyepasha viganja vyake joto kabla ya kumshika mtoto. Alimsikiliza Fundi, akatikisa kichwa.

"Ulitengeneza mwili ukauacha mlangoni bila mwenyewe. Jini ameuvaa. Mtoto aliyemkaribisha ndiye atakayemtoa. Akishatamka 'ondoka', hapo umfute. Si kabla. Umenielewa, baba?"

"Nimeelewa."

Kompyuta ikawashwa. Mtu wa kijivu alikuwa katikati ya sebule, amemshika mkono yule binti wa vidoti.

"Sema, mwanangu," mama alimbembeleza. "Mwambie aondoke."

"Atalowa."

"Sema, Kipepeo wangu."

Machozi yalimtiririka binti. Akafungua mdomo, "On...", na papo hapo taa zikafifia, harufu ya udongo ikawakaba koo, mtu wa kijivu akaanza kumvuta binti wa vidoti kuelekea mlangoni, hatua kwa hatua, tii, tii, tii, na Fundi, aliyempenda mwanawe kuliko macho yake, akashindwa kuvumilia, akabonyeza.

Mtu wa kijivu akafutika. Nyumba ikanyamaza.

"Umefanya nini, baba?" mganga alinong'ona. "Umemvunjia nyumba kabla hajafukuzwa. Unadhani amekwenda wapi?"

Binti akainuka. Akaenda moja kwa moja hadi ukutani, akasita, akageuka kwa kona kali. Mama alimkumbatia, akambusu, akamwita majina yake yote. Mikono ya mtoto ilining'inia tu.

Mganga alijaribu mpaka sauti ikamkauka. Alipoondoka alikuwa akilia.

Mwaka uliofuata mama alijifungua mtoto wa kiume. Analelewa kwa mama yake mdogo, mbali na nyumba ambamo dada yake bado anatembea na kugeuka kwa kona kali.